Kabla Hujasema Mtoto Hana Kipaji

Mzazi anayeniletea mtoto wake huwa na swali moja, na huliuliza kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie: "Mwalimu, anacho?" Anauliza kipaji. Anataka nimsikilize mtoto kidogo, nimpime, nitoe hukumu, ajue kama aendelee kumleta au amrudishe nyumbani akazanie hesabu. Nimefundisha muziki hapa Bagamoyo kwa miaka mingi na jibu langu ni lilelile: sijui, na leo sina haja ya kujua. Mwache hapa, mama. Mwache tukae naye.

Wengine hudhani ninakwepa. Sikwepi. Ninaamini kwa moyo wote kwamba mwalimu wa muziki hakuajiriwa kuchagua wenye sauti nzuri na kuwaacha wengine wakae kwenye benchi. Kazi yake ni kumtafutia kila mtoto nafasi ndani ya muziki, amfundishe nafasi hiyo mpaka aiweze, na aendelee kumfundisha mpaka mtoto mwenyewe atamani nyingine. Imani hii nimeipata kwenye ngoma.

Itazame ngoma yoyote ya pwani inapochezwa sawasawa. Chukua mdundiko wa Wazaramo unapopita mtaani wakati wa sherehe. Yupo sogora, anayeizungumzisha ngoma kubwa. Wapo wanaopiga ngoma ndogo, mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Yupo manju anayeanzisha wimbo, wapo waitikiaji, wapo wapiga makofi, wapo wachezaji, na nyuma kabisa wapo watoto ambao hakuna aliyewaalika na hakuna anayewafukuza. Yule mdogo anayerukaruka pembeni leo, ukirudi baada ya miaka kadhaa utamkuta ameshika kayamba, baadaye chapuo, ile ngoma ndogo. Hakuna aliyemfanyia usaili. Aliachwa akae karibu, na wakubwa walimsahihisha kwa jicho, kwa kichwa, mara nyingine kwa kumshika mkono na kuupiga mdundo pamoja naye.

Sasa tazama tunavyofanya shuleni. Mashindano ya UMITASHUMTA, yale ya michezo na sanaa ya shule za msingi, yakikaribia, mwalimu anaambiwa aandae kwaya. Anawapanga watoto mstari, kila mmoja anaimba ubeti, wachache wanachukuliwa, wengine wanarudi darasani wakiwa wamejifunza jambo moja tu kuhusu muziki: kwamba si wao. Nimekutana na watu wazima, wavuvi, wauguzi, hata walimu wenzangu, wanaokumbuka vizuri siku waliyoambiwa wanyamaze ili wasiiharibie kwaya. Wengi wao hawajafungua kinywa kuimba mbele ya mtu tangu siku hiyo. Jambo hili linaniuma kuliko uhaba wa vyombo, kwa sababu vyombo tunaweza kuvitengeneza.

Nianze na huyo anayeambiwa hawezi kuimba, maana ndiye anayenifikia mara nyingi.

Mtoto wa miaka saba au minane anayeimba sauti moja bila kupanda wala kushuka, masikio yake kwa kawaida hayana hitilafu. Mara nyingi hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikikutana na sauti ya mtu mwingine mahali pamoja. Akitajiwa noti aifuate, anabahatisha. Mimi nina sauti ya kiume, iko oktava nzima chini ya sauti ya mtoto, na kwa sikio changa umbali huo unachanganya. Hajui anifuate huku chini au anitafute huko juu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemfuata. Namwambia atoe sauti yoyote aipendayo, aivute. Naipokea, naiimba ilivyo, na naliomba darasa zima liiimbe pamoja naye. Kwa mara ya kwanza mtoto yule yuko katikati ya sauti inayofanana na yake, na uso unabadilika kabla sauti haijabadilika. Tukishakaa hapo kidogo, ninapanda hatua moja tu. Akija, vizuri. Asipokuja, tunarudi kwake.

Alikuwepo kijana mmoja aliyekataa kabisa kutoa sauti. Nilijua anashinda sokoni kwa wavuvi, kwa hiyo nilimwomba aninadie samaki. Alisimama, akainua mkono, akaanza: "Elfu tano, elfu tano, nani sita, sita huyo, sita!" Dalali hanadi kwa sauti moja, na kijana huyu alikuwa ameinakili milio yote ya soko: anaanzia chini, anapanda bei inapopanda, anashuka ghafla anapofunga mnada. Mle ndani mlikuwa na noti nne zilizo safi. Tulizichukua zilezile, tukaondoa samaki, tukatia maneno mengine. Mtoto aliyeletwa kwangu kwa kuwa hana sikio alikuwa na sikio kali kuliko nusu ya darasa; halikuwa limeombwa kufanya kazi shuleni.

Tangu hapo imekuwa desturi yangu kumwuliza mtoto mgeni anasikia nini kwao, na majibu ya Bagamoyo ni utajiri. Wapo wanaotoka madrasa. Hawa wamefundishwa tajwidi, kanuni za kuisoma Qur'ani, wanajua kwamba madda, yaani mivuto ya sauti, nyingine huvutwa kwa vipimo viwili, nyingine vinne, nyingine sita, na kwamba kukosea kipimo ni kosa la kusahihishwa papo hapo. Usomaji wa Qur'ani si wimbo, siuchanganyi na ngoma wala siuleti darasani kama mfano wa muziki, na wazazi wananiamini kwa sababu wanajua ninauheshimu mpaka huo. Lakini mtoto aliyelelewa katika usikivu wa namna hiyo nikimwambia avute sauti kwa mapigo manne, anavuta manne, hapunguzi. Wapo wa kwaya za kanisani, kutoka upande wa misheni iliyoanza hapa mwaka 1868, ambao tangu wadogo wamezoea kusikia sauti ya pili na ya tatu zikiambatana na ya kwanza. Wapo wanaoleta singeli kutoka kwenye simu za kaka zao, kasi ambayo vidole vyangu haviifikii. Wote wamekuja na kitu. Mwalimu anayeanza somo kana kwamba hawa wametoka kwenye ukimya anapoteza miezi akijenga msingi mahali ambapo tayari kuna nyumba.

Binti mmoja ananifaa kueleza hili. Nyumbani kwao wana asili ya Ugogo, na Bagamoyo si ajabu kukutana na Wagogo wenye muziki mikononi: Hukwe Zawose, fundi wa ilimba, ile ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi, alihamia mji huu, akaishi na kufundisha hapa hadi alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake unaendelea kupiga. Huyu binti alikuwa ameambiwa na kwaya moja kwamba anashusha sauti, kila mara kwenye noti ileile. Nilimsikiliza kwa makini. Ni kweli alikuwa chini ya kinanda, lakini kwa kiasi kilekile kila mara, na mtu anayekosea hakosei hivyo. Alikuwa anaimba alivyozoea kusikia nyumbani. Uzi mmoja ukitikiswa hutoa sauti yake kuu, na juu yake sauti nyingine nyembamba, za mara mbili, mara tatu, mara nne ya mitikisiko yake, na kuendelea. Skeli ya Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo za asili. Ile ya mara saba iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa kiasi cha theluthi hivi ya nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Kwenye kinanda kila oktava imegawanywa vipande kumi na viwili vilivyo sawa ili wimbo uweze kuanzia noti yoyote. Ni mpango mzuri wenye faida zake, lakini ni mpango mmoja. Nilimweleza binti kwamba sasa ana masikio mawili, moja la ilimba na moja la kinanda, na kwamba ajifunze kuchagua lipi la kutumia akiwa na nani. Alijifunza upesi sana. Alichokuwa anahitaji ni mtu wa kumwambia kwamba la kwanza si ugonjwa.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa Tanga, wa Ngamiani, na pengine ndiyo maana sina subira na hadithi za kipaji kilichoshuka kutoka juu. Tanga yetu ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star upande wa taarab, zilizoingiza magitaa na besi mpaka taarab ya Tanga ikawa na mwendo wake wa kuchezeka. Shakila Said alitoka Pangani akaja kuimba na Black Star. Wilson na George Kinyonga, ambao baadaye walipata jina kubwa Kenya na Simba Wanyika, walianzia Jamhuri Jazz. Mji mmoja wa bandari na mkonge, wanamuziki wote hao! Wazee wa mtaani kwetu walipokuwa wakisimulia, sikuwasikia wakitaja kuzaliwa nacho. Walisimulia kukaa mazoezini, kubeba vyombo, kusimama nyuma ya mpiga gitaa la rithimu na kutazama vidole vyake, na kupewa gitaa siku mwenyewe alipougua. Mtu alikuwa na mahali pa kukaa karibu na muziki. Mji ukiwa na mahali pengi pa namna hiyo hutoa wanamuziki wengi.

Kwa hiyo darasani kwangu kila mtu huanza na ngoma ndogo, ule mdundo usiobadilika. Wazazi wengine hawapendi, wanaona mtoto wao amewekwa kazi ya chini wakati mwenzake anaongoza wimbo. Nawaomba wakae wajaribu wenyewe. Kupiga mdundo mmoja kwa muda mrefu bila kukimbia, bila kulegea, huku sogora akikuchokoza kwa kupiga kinyume chako, ni jambo gumu. Mdundo ule ukiyumba, sogora hana pa kusimama na wachezaji wanakanyagana. Nimeona watoto wepesi, wale wa kushika kila kitu mara moja, wakishindwa kabisa hapa kwa sababu wanachoka na wanataka kupamba. Na nimeona mtoto mzito darasani, anayesemwa na kila mwalimu, akiushikilia mdundo kwa uthabiti mpaka wenzake wakamgombea, kila kundi linamtaka. Huyo hakuwa amewahi kugombewa na mtu.

Watoto wakishazoea, nawapa tatu juu ya mbili, maana bila hiyo huwezi kuingia kwenye ngoma zetu nyingi. Tunahesabu sita. Miguu inakanyaga kwenye moja na nne. Mikono inapiga kwenye moja, tatu na tano. Ukiwaelezea hivyo kwa tarakimu wanaduwaa, kwa hiyo tunatumia mdomo kwanza: wanasema "naa-zi-mbi-lii", silabi ya kwanza na ya mwisho zikivutwa, mbili za katikati zikiwa fupi. Kinywa kikishakaa, mikono inachukua "naa", "zi" na "lii", miguu inachukua "naa" na "mbi". Nazi mbili, basi, na mtoto wa darasa la pili anafanya jambo ambalo mtu mzima aliyesomea muziki kwa karatasi peke yake hulihangaikia. Kwanza mwili, kinywa na sikio. Maelezo yanakuja nyuma, na yanapokuja yanaeleweka kwa sababu yanaeleza kitu ambacho mtoto anacho tayari.

Hali ya hewa ya pwani nayo inafundisha. Wakati wa masika ngozi hunywa unyevu, hulegea, na ngoma iliyolia vizuri jana leo inatoa sauti ya gunia. Siwapashii. Tunawasha moto wa makuti uani, kila mtoto anapasha ya kwake, anaigonga, anasikiliza sauti ikipanda kadiri ngozi inavyokaza, anaitoa inapofika anapopataka. Akizidisha, ngozi inaweza kupasuka na itabidi ajifunze kuwamba. Wanajifunza kwa siku moja kwamba mkazo ukiongezeka sauti inapanda, na wiki zijazo nikiwapa gitaa hawaniulizi kwa nini tunazungusha vile vifunguo.

Kuhusu karatasi sina ugomvi nayo, nisieleweke vibaya. Kusoma muziki ni uhuru. Anayesoma anaweza kuimba wimbo wa mtu ambaye hajawahi kukutana naye na kuandika wake usipotee. Ninafundisha tonic sol-fa kwanza, ile ya do re mi ambayo Mwingereza John Curwen aliieneza katika karne ya 19 na ambayo kwaya zetu zimeilea mpaka leo, kisha noti zinazoandikwa kwenye mistari mitano kwa wanaoendelea. Mhungari Zoltán Kodály, aliyefariki mwaka 1967, alishikilia kwamba mtoto aanze kwa kuimba, na aanze na nyimbo za watu wake mwenyewe. Mjapani Shinichi Suzuki alifundisha fidla kwa njia ambayo mtoto hujifunzia lugha ya mama: anasikia sana, anaiga, anarudia, kusoma baadaye. Nilipowasoma wote wawili niliona watu wa mbali wakitetea jambo ambalo bibi zetu walilitenda bila kulitetea. Ninachokikataa ni kuanza na karatasi, halafu asiyeielewa aambiwe hana muziki.

Bagamoyo tuna taasisi yetu ya sanaa, TaSUBa, iliyoanzishwa mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na ina haki ya kuchagua, kwa kuwa inaandaa watu watakaofanya kazi hii. Shule ya msingi haina haki hiyo. Hatuchagui watoto wa kufundishwa kusoma na kuandika kwa kuangalia nani atakuwa mwandishi.

Mambo mawili madogo ambayo walimu wenzangu huniuliza. Wavulana wakibaleghe sauti inakwaruza na kukatika, wanachekwa, wanaacha. Siwaruhusu kuacha. Nawapa nyimbo zenye noti chache zinazokaa katikati, nawaongezea ngoma, na ninawaambia mbele ya wote kwamba koo linakua na litatulia. Wakivuka salama ndio besi zangu. Na wasichana nawapa msondo, ile ngoma kubwa, sawa na wavulana. Babu mmoja alikuja kunilalamikia kwamba mjukuu wake wa kike anapiga ngoma kubwa. Nilimpa shikamoo, nikamketisha, nikamwomba asikilize hadi mwisho. Hakuniambia kama amekubali. Ila kabla ya kuondoka alimwita mjukuu, akamsogeza mkono wa kushoto karibu zaidi na ukingo wa ngoma, akamwambia apige tena.

Swali la riziki huja pia: "Muziki utamlisha?" Wachache utawalisha, kwenye harusi, mahotelini, kwenye bendi, studio. Wengi hautawalisha, na siwadanganyi wazazi. Nawaambia kwamba mwanao akiwa na umri wako atakuwa na harusi za kuimba, misiba ya kuitikia, na watoto wa kubembeleza usiku, na nataka siku hizo asiwe mtu wa kusimama ukutani.

Mwaka 1962, alipowahutubia wabunge baada ya kuwa Rais, Mwalimu Nyerere aliwauliza wenzake waliojua rumba na chachacha ni wangapi wanaozijua ngoma zetu za gombe sugu, konge, kiduo au lele mama. Swali lile bado linatungoja, na safari hii tuna nafasi ya kulijibu, kwa sababu mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Hofu yangu ni kwamba litafundishwa ubaoni: ngoma ni nini, taja aina nne za ngoma, chora kayamba. Watoto watafaulu mtihani wa ngoma bila kuigusa.

Mwalimu wa darasa la tatu ambaye amepewa kipindi hicho na anasema hajui muziki, namwomba afanye hivi wiki ya kwanza. Awatoe nje, chini ya mti. Awaulize ni wimbo gani wote wanaujua. Upo, na huenda yeye ndiye asiyeujua, basi wamfundishe. Wakanyage pamoja, kulia, kushoto, mpaka miguu isikike kama ya mtu mmoja. Nusu waendelee kukanyaga, nusu wapige makofi. Ndoo moja ya plastiki iliyogeuzwa inatosha kuwa ngoma, na ipite mkononi mwa kila mtoto, hasa wale wanaorudi nyuma zamu yao inapofika. Wasipimwe na wasipewe maksi. Wiki ya pili atafute ndoo nyingine, na aulize kama kuna mtoto ambaye babu yake anapiga ngoma. Kwa Bagamoyo na Tanga, hakosekani.